Ulimi wa Tokuzo wa Barafu

Siku Tokuzo wa barafu alipokosa kuja kula kwetu, Isokubo nzima ilijua kabla sijamaliza kuosha mabakuli ya asubuhi. Mji wetu ndivyo ulivyo. Ukipiga chafya gatini, mama wa duka la nyavu kule juu ya ngazi atakuuliza kama mafua yamekushika. Mashua zimebaki kumi na nne, shule imefungwa, na mtu wa miaka hamsini tunamwita kijana; lakini masikio hayajapungua hata moja.

Nilikuwa jikoni na wifi yangu Shigeno. Ni dada wa marehemu mume wangu, na tangu nifiwe nimeishi naye ghorofani, juu ya kibanda chake cha chakula. Yeye anapika, mimi naosha, nabeba na kusikiliza. Kibanda hakina jina. Kina pazia la buluu mlangoni, na pazia likitundikwa watu wanajua wali umeiva. Viti ni tisa. Kile cha pembeni, karibu na jiko, kilikuwa cha Tokuzo. Hakuna aliyewahi kutangaza hivyo, lakini mgeni akikikaribia, nahodha Rokusuke huanza kukohoa, na hukohoa mpaka mgeni ahame.

Tokuzo ndiye msimamizi wa kiwanda cha barafu pale bandarini. Bila yeye hakuna mashua inayotoka, maana ngisi bila barafu ni uvundo tu. Akishaipa barafu mashua ya mwisho, saa mbili kasorobo, alikuwa akiinua pazia letu na kukaa, mikono imemwiva myekundu kama kaa aliyechemshwa. Hakuagiza. Shigeno alimwekea wali, supu ya miso, yaani rojo ya soya yenye chumvi, achari ya figili, na samaki yeyote aliyekuwepo siku hiyo. Alikula polepole, akamaliza kila kitu, akalaza vijiti. Kisha akatoa hukumu.

"Gayogayo umemgeuza mapema."

Au, "Mwani umekaa majini muda mrefu."

Au, "Chumvi imezidi. Si sana. Ila imezidi."

"Kesho niletee barafu yako nikukaangie," Shigeno alikuwa akijibu bila kugeuka. "Hiyo haina chumvi."

Watu walicheka. Lakini kesho yake gayogayo aligeuzwa kwa wakati wake. Na siku ambayo Tokuzo alilaza vijiti, akajifuta mdomo, akasema "Haya" tu, wifi yangu aliimba kimyakimya mpaka saa sita. Wateja wengine wote tulisema tamu. Nasema tulisema, kwa sababu na mimi nilikuwa humo. Rokusuke alisema tamu kabla hata ya kuonja. Miaka ishirini na miwili ilienda hivyo. Shigeno mjane, Tokuzo mjane, na katikati yao kaunta ya mbao na bakuli la supu.

Majira ya baridi ya mwaka juzi, theluji ilipokuwa imefika madirishani, Tokuzo alishikwa na homa. Alilala siku kumi na mbili. Shigeno alinituma na sufuria la uji wa wali kila mchana, nami niliuweka mlangoni kwake, nikagonga, nikaondoka, kwa sababu ndivyo alivyotaka mgonjwa. Alipopona akarudi kazini, na saa mbili kasorobo pazia likainuka. Amekonda, macho yamezama. Akakaa. Akala. Akalaza vijiti.

"Tamu," akasema.

Shigeno alikuwa anakata kitunguu. Kisu kikasimama.

"Umesemaje?"

"Nimesema tamu."

Alipotoka, wifi alinivuta mkono. "Hatsue, umemsikia? Amesema tamu!"

"Si ni vizuri?"

"Vizuri nini? Vibua wa leo nimewaunguza upande mmoja. Nimewageuza ili asione. Na supu nimeichemsha kupita kiasi. Anasemaje tamu?"

Siku ya pili akasema tamu. Ya tatu akasema tamu sana. Ya nne Shigeno, kwa makusudi kabisa, hakutia miso kwenye supu ya Tokuzo. Alimpa maji ya moto yenye mwani unaoelea. Akanywa yote, akashukuru, akasema tamu. Siku ya tano hakuja.

Ndipo mji ulipoanza. Wengine walisema wamegombana. Wengine walisema amepata mwanamke huko Katabami, ng'ambo ya ghuba. Mama wa duka la nyavu aliapa kwamba amemwona Tokuzo kwa macho yake akila mkate wa dukani nyuma ya kiwanda, mkate ule wa kwenye plastiki, amesimama, kama farasi.

"Mkate," Shigeno alisema. Alirudia neno hilo siku nzima akiwa peke yake. "Mkate."

Nahodha Rokusuke, ambaye ana sauti ya kuita mashua bila redio, akamchokoza mbele ya watu. "Dada Shigeno, sema ukweli. Ulimtolea posa akakimbia?"

"Wewe kula, Rokusuke."

"Si vibaya. Mimi mwenyewe mke wangu aliponiposa nilijificha wiki nzima."

"Ulijificha ukapatikana, ndiyo shida yetu hiyo."

Kicheko kikazuka, lakini yeye hakucheka. Na upishi wake ukaanza kuyumba. Sijui kama ni hasira au ni mawazo, ila mkono wake wa chumvi ulipoteza kipimo. Siku ya nane bila Tokuzo, nilionja supu nikaona midomo inawaka. Sikusema. Nikaibeba, nikawawekea watu sita waliokuwa kwenye kaunta. Nikasimama kando kuona.

Rokusuke akanywa funda moja. Macho yakamtoka. Akameza kwa nguvu, akashika glasi ya maji. "Tamu!" akasema.

"Tamu kabisa," akasema wa pembeni yake, machozi yakimlengalenga.

Shigeno akaja na upawa, akachota kwenye bakuli la Rokusuke, akaonja. Akatema kwenye sinki.

"Waongo wakubwa nyinyi!" Akaupiga upawa kwenye kaunta. "Hii ni supu au ni bahari? Rokusuke, una miaka sitini na minne, unanidanganya mchana kweupe? Mngekufa hapo mkisema tamu!"

"Dada, tulikuwa tunakuheshimu…"

"Heshima gani hiyo ya kunyweshana maji chumvi? Na wewe Hatsue!" Akanigeukia. "Uliionja. Nimekuona. Ukaibeba."

Akavua aproni, akainamisha kichwa kupita chini ya pazia, akatoka na ndala zake za jikoni kwenye theluji. Nilibeba koti lake nikamfuata mbio. Nyuma yangu nikasikia viti vyote vikisogezwa. Walikuwa wanahamia dirishani.

Kiwanda cha barafu kina kelele ya mashine ya kusaga, huwezi kusikia hata jina lako. Tokuzo alikuwa na koleo, anasukuma vipande kwenye bomba linaloshuka gatini. Alipotuona alizima mashine. Kimya kilichofuata kiliumiza masikio.

"Unakula mkate," Shigeno akasema.

"Nani kasema?"

"Nani hajasema? Nimekukosea nini, Tokuzo? Kama chakula changu kimekuwa kibaya, uliniambia miaka yote, mbona sasa hukuniambia? Uliniambia tamu. Siku nne umenitukana."

Tokuzo akaegemeza koleo ukutani. Akavua glavu moja, akaitazama, akaivaa tena.

"Sisikii kitu," akasema.

"Husikii nini? Masikio?"

"Mdomo. Tangu ile homa. Sisikii ladha, sisikii harufu. Nikila chakula chako ni kama natafuna taulo. Nikila mkate, ni taulo. Nilidhani ni wiki moja itapita. Haikupita." Sauti yake ilikuwa ndogo mno kwa mtu aliyezoea kupaaza sauti juu ya mashine. "Miaka ishirini na miwili sijakudanganya hata siku moja. Halafu nikakudanganya siku nne mfululizo. Siku ya tano miguu ilikataa."

"Kwa hiyo ukaona heri mkate."

"Mkate hauniulizi."

Nilitamani ardhi inimeze, maana nilijiona nimeingia chumba cha watu wasiovaa nguo. Theluji ilikuwa imeyeyuka kwenye ndala za Shigeno na vidole vyake vya miguu vimekuwa vyekundu. Mwishowe akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umemwona daktari?"

"Wa nini? Si kidonda."

"Leo Ijumaa. Vaa koti."

Daktari Minegishi huja zahanati yetu Jumanne na Ijumaa, binti mdogo mwenye gari dogo la njano. Alimpima Tokuzo pua na koo, akamuuliza maswali, na kila swali Shigeno akawa analijibu yeye kwanza. Kisha binti yule akaweka kalamu chini.

"Inaweza kurudi, inaweza isirudi, mzee wangu. Sipendi kukudanganya. Kuna zoezi. Kila asubuhi na jioni unuse vitu vinne vyenye harufu kali, vilevile kila siku, taratibu, huku unavikumbuka. Miezi, si siku."

"Vitu gani?" akauliza Shigeno.

"Vyovyote anavyovijua vizuri."

Shigeno akachagua: tangawizi, ndimu, dagaa wakavu, na ufuta uliokaangwa. Akaviweka kwenye vichupa vinne. Lakini jambo likishafika zahanati kwetu si la mtu mmoja tena. Kesho yake tu Rokusuke alimsimamisha Tokuzo gatini na kumsogezea puani ndoo ya chambo cha wiki iliyopita. Watu wote wa karibu walikimbia. Tokuzo akabaki amesimama, anasema hapana, hakuna kitu. Mama wa duka la nyavu alileta lami. Mzee wa hekalu alileta ubani. Wanawake wa ushirika wa wavuvi walipanga foleni na mitungi yao ya achari, kila mmoja anaamini yake ndiyo itakayofufua pua. Kulikuwa na mapenzi mengi katika upumbavu ule. Mtu ambaye kwa miaka yote walimwona kama sehemu ya mashine, ghafla kila mmoja alitaka kuwa ndiye aliyemponya.

Baada ya wiki mbili alikuja kwetu saa tano, mlango wa nyuma, akaketi juu ya gunia la mchele.

"Shigeno, waambie wakome. Leo mtu kaniletea soksi."

"Za nani?"

"Sijauliza."

Wifi yangu alicheka mpaka akashika meza. Kisha akatoka mbele, akawatangazia wote kwamba kuanzia leo atakayepeleka kitu kwenye pua ya Tokuzo hatakula hapa mpaka majira ya joto. Wakakoma. Tokuzo akaendelea kuja saa tano, mlango wa nyuma, kibanda kikiwa kimepungua watu. Alisema kaunta inamtia aibu. Shigeno akampa kigoda jikoni, na vichupa vyake vinne kwenye rafu.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikukitegemea. Wale wawili hawakuwa na la kuzungumza. Miaka ishirini na miwili walikuwa wakizungumza chumvi. Chumvi ilipoondoka, walitazamana kama watu waliokutana kwenye chumba cha kusubiri. Siku tatu za kwanza Shigeno aliuliza kuhusu theluji na Tokuzo akajibu kuhusu theluji.

Siku ya nne Tokuzo akasema, "Wewe mwenyewe unapenda samaki gani?"

Shigeno akanitazama. Nikatazama sinki. Hiyo siri tuliijua wawili tu.

"Mimi samaki siwapendi," akasema.

"Samaki gani?"

"Wote. Tangu utotoni. Mimi nakula mayai."

Tokuzo aligeuka kwenye kigoda. "Miaka ishirini na miwili unanipikia kitu usichokipenda?"

"Marehemu mume wangu aliacha kibanda, hakuacha kazi nyingine. Ningefanya nini? Nilipika kwa kukisia. Wote waliniambia tamu, nisijue kama ni kweli au wananihurumia. Halafu ukaja wewe na mdomo wako mbaya." Aligeuza yai kwenye kikaango, la kwake mwenyewe. "Wewe ndiye ulikuwa ulimi wangu. Sasa umenielewa kwa nini nilitoka na ndala?"

Tokuzo akaanza kucheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia, cha kukwaruza, kama mlango wa stoo uliofungwa muda mrefu. Na kwa kuwa Shigeno ametoa lake, akaona naye atoe. Akasema anaogopa bahari.

"Nani haiogopi?" nikasema mimi.

"Hapana, mama Hatsue. Ninaiogopa. Nilipokuwa na miaka saba baba alinichukua kwenye mashua, bahari ikachafuka, nikapiga kelele mpaka akageuza. Alikuwa na aibu nami mpaka anaingia kaburini. Tangu siku hiyo sijakanyaga mashua. Miaka sitini na moja. Barafu naimwaga nikiwa gatini. Hakuna aliyegundua."

"Nilidhani unapenda baridi," Shigeno akasema.

"Baridi siipendi hata kidogo."

Basi tangu hapo mdomo ulifunguka. Waliongea habari za mke wake aliyekuwa akishona mchana kutwa, habari za kaka yake Shigeno, yaani mume wangu, na mambo yake mengine ambayo hata mimi sikuyajua. Walibishana kuhusu mwaka ambao mnara wa taa ulipakwa rangi. Tokuzo akaona jinsi Shigeno anavyopanda ngazi za ghorofani kwa kushika ukuta, akamuuliza, akaambiwa ni magoti. Kesho yake alileta barafu iliyosagwa laini kabisa ndani ya mfuko, akamwekea gotini bila kuomba ruhusa, na akatazama saa yake ili asizidishe dakika kumi. Kila siku baada ya hapo.

Mimi je? Nitasema ukweli: niliona wivu. Si wivu wa mwanaume. Nilikuwa nimezoea kuwa mtu pekee anayejua kwamba Shigeno anakula mayai. Nilianza kusugua masufuria kwa nguvu. Wifi akanisikia, maana masufuria yana sauti zake, na jioni moja kabla hatujateremsha pazia akanipa kijiko cha mchuzi wa vibua.

"Onja."

"Tamu," nikasema.

"Hatsue."

Nikaonja tena. Nilimtazama huyu mwanamke aliyenipokea nilipokuwa sina pa kwenda, nikaona jinsi ilivyo kazi kumwambia neno moja. "Tangawizi imezidi," nikasema. "Na imetangulia. Ungeitia mwisho."

Alinipokonya kijiko akakitupa kwenye sinki. Hakuniongelesha mpaka tunakwenda kulala. Asubuhi aliitia tangawizi mwisho.

Majira ya mvua yalikuja na mawingu yakakaa juu ya vilima kama yamepangishwa. Siku moja Shigeno alikuwa ameketi jikoni, mguu juu ya kreti, mfuko wa barafu gotini, na Tokuzo anaangalia saa. Alisema bila kuondoa macho kwenye saa:

"Nyumba yangu haina ngazi."

Niliacha maji yakimiminika.

"Kwa hiyo?" Shigeno akauliza.

"Kwa hiyo haina ngazi. Chini yote. Nimewaza magoti yako."

"Magoti yangu tu?"

"Na yaliyobaki."

Shigeno alikuwa na umri wa miaka sitini na sita na akaona haya kama mtoto. Shingo yote ikamwiva. "Watu watasema."

"Walishasema kabla yetu."

"Na Hatsue?"

"Vyumba viko vitatu."

"Mimi nabaki juu," nikasema. "Magoti yangu mazima, na mtu lazima aangalie wali." Nilisema hivyo haraka ili nisilie, kisha nikalia hata hivyo, na Shigeno akalia, na Tokuzo akasema dakika kumi zimekwisha.

Shigeno alitaka waandikishe kwanza. "Siendi kuhamia kwa mtu kama kreti la ngisi," akasema. Ofisi ya kuandikisha ndoa iko Katabami, ng'ambo ya ghuba, maana yetu ilifungwa zamani. Tulitazama kalenda, tukachagua siku njema, yenye bahati. Siku tatu kabla, mlima uliporomoka na kufunga barabara, matope na misonobari kutoka bonde hadi ufukweni. Wakasema wiki mbili, labda tatu.

Rokusuke alikuja mwenyewe kibandani. "Msihangaike. Mashua yangu, dakika arobaini tu. Bwana harusi nitamkalisha mbele kama balozi!"

Tokuzo akawa mweupe kama bidhaa yake. Rokusuke hakujua, sisi watatu ndio tuliojua. Shigeno akasema upesi, "Tutasubiri barabara. Kuna haraka gani?"

"Siku njema nyingine ni mwezi ujao," Rokusuke akasema.

"Tutasubiri mwezi ujao."

"Hapana," Tokuzo akasema. Aliinuka, akamtazama Rokusuke usoni. "Nahodha, naiogopa bahari. Tangu nina miaka saba. Nitatapika mashua yako na huenda nikapiga kelele. Ukicheka, barafu utaitafuta Katabami. Utatupeleka?"

Nilidhani Rokusuke angeangusha kichekesho. Alivua kofia. "Nitatandika mkeka," akasema.

Siku ile bahari haikuwa mbaya wala haikuwa njema. Ilikuwa ya kijivu na inapumua. Gati lilijaa watu, na sijui nani aliwaambia, ila hakuna aliyepiga vigelegele wala kushangilia. Waliinamisha vichwa tu. Tokuzo alikuwa na koti lake jeusi na jaketi la kujiokolea juu yake. Akasimama ukingoni muda mrefu. Shigeno alikuwa ameshaingia, akanyoosha mkono.

"Huku chini pana mbao," akamwambia. "Zilezile za kaunta. Weka mguu."

Akaweka mguu. Kisha wa pili.

Nilikwenda nao kama shahidi. Rokusuke, mtu anayeingia bandarini kila siku kama anafukuzwa, aliendesha mashua taratibu mno, akilikata kila wimbi kwa mshazari kama anambeba mtoto mchanga aliyelala. Tokuzo alikaa mkekani, amekumbatia nguzo ya winchi, macho ameyafumba. Shigeno alikaa mbele yake, ndoo katikati ya miguu yake, akawa anaongea. Aliongea njia nzima. Alimwambia anachokiona: sasa tunapita mwamba wa korongo, sasa kuna ndege watatu, sasa naona paa la zahanati limekuwa dogo, huyo mpumbavu Rokusuke ana tundu kwenye soksi. Tokuzo alitapika mara nne. Mara ya tatu alipiga kelele, kelele fupi, ya mtoto. Rokusuke alitazama mbele. Hakugeuka hata kidogo.

Ofisini, karani kijana aliinua macho akamwona Tokuzo, rangi ya majivu, nywele zimesimama. "Zahanati ni mlango wa pili," akasema kwa upole.

"Tumekuja kuoana," Shigeno akamjibu.

Wakagonga mihuri yao ya majina, maana kwetu muhuri ndio sahihi. Na mimi nikagonga wangu, na Rokusuke wake. Karani akasema hongera. Ikawa imekwisha; ilichukua muda mfupi kuliko kupika wali.

Tulipotoka nje Rokusuke akasema upepo unafaa, turudi. Tokuzo akaketi kwenye ngazi za ofisi.

"Mimi sirudi na mashua."

"Si umeshaweza!"

"Nimeweza. Nimeoa. Sasa nina ruhusa ya kuwa mwoga."

Shigeno alimtazama, akamtazama Rokusuke, akaketi naye pale kwenye ngazi. "Nendeni," akatuambia. "Hatsue, vibua wako kwenye sanduku la kushoto. Tangawizi mwisho."

Wakalala nyumba ya wageni ya Katabami siku tatu. Kwa miaka yote niliyoishi naye, Shigeno hakuwahi kukosa kutundika pazia lake kwa sababu yoyote isipokuwa misiba. Nililitundika mimi. Nilipika peke yangu, wali siku ya kwanza ukashika chini, siku ya pili ukawa sawa. Kiwandani ushirika walimweka mtu wa muda, na mashua zote zililalamika kwamba barafu ina mabonge.

Siku ya nne barabara ilifunguliwa upande mmoja, mapema kuliko walivyosema. Walikuja na lori la kabichi, wamekaa nyuma pamoja na mzigo, kwa sababu mbele kulikuwa na mbwa wa dereva. Tokuzo alishuka kwanza, akampa Shigeno mkono, akamshusha taratibu, mguu mmoja, kisha mwingine. Rangi ilikuwa imemrudia Tokuzo. Pua yake, niseme hapa, imerudi robo: anasikia kilichoungua, na anasikia ndimu, basi. Daktari anasema aendelee na vichupa.

"Bwana harusi!" Rokusuke akapaaza sauti kutoka gatini. "Habari za nchi kavu?"

"Nani kasaga barafu hii?" Tokuzo akauliza, akiangalia kreti zilizopangwa. Akaokota bonge moja, akaligeuza mkononi, akalitupa baharini. Kisha akaenda moja kwa moja kiwandani, na koti lake jeusi la harusi, na baada ya muda mfupi tukaisikia mashine ikianza.

Shigeno alibaki amesimama barabarani, kabichi mbili za zawadi mikononi, anautazama mlango wa kiwanda. Nilisubiri. Alikuwa hasogei. Nikamwendea, nikazichukua kabichi zile moja baada ya nyingine, na hakugundua mpaka mikono yake ilipokuwa mitupu.

"Shemeji yangu hajala," nikamwambia.

"Bado," akasema. "Twende tukampikie."